Khanga Iliyokaliwa na Somo

Bi Mwatime, somo aliyewafunda maharusi wa mtaa mzima, alikuwa amekalia khanga iliyokunjwa mara nne. Mbele yake mwari wake, Raya, alikuwa analia. Tangu ajifungue amekuwa akimkwepa mumewe, na leo mume huyo, Kombo, yuko barazani akisubiri jibu: arudi na mkewe, au ampeleke kwao.

"Una mwanamume mwingine?"

"Sina, somo! Nikilala naye mkojo unanitoka. Hata nikicheka unanitoka. Na wewe ulinifunza usafi. Nitamwambiaje?"

Bi Mwatime alijiweka sawa juu ya khanga. Kwa miaka sita amekuwa akimwambia mumewe, Mzee Badi, kuwa mgongo unamuuma, akilala chumba cha watoto.

"Jamani, somo!" Kombo aliita. "Anakuja au haji?"

"Subiri wewe! Hapa hatukaangi mayai." Kisha akashusha sauti. "Ni maradhi, mwari wangu, si uchafu. Kliniki wanafundisha mazoezi ya kukaza misuli ya huko chini."

"Umejuaje?"

"Niliambiwa nami niende nikaone. Nikaona haya."

Akainuka polepole, akaikunjua ile khanga mkekani. Katikati palikuwa na doa bichi. Raya akaacha kulia.

"Kombo!" Bi Mwatime aliita. "Kamwite Mzee Badi dukani. Muingie nyote wawili."

Kandambili zikaenda mbio. Bi Mwatime akainama kuikunja khanga, akaiacha. Nje, jozi mbili za kandambili zilikuwa zinarudi.