Breki ya Mguu wa Kulia

Nyamvula alikuwa ameondoa vivuli, majani ya kando ya njia, hata mvua katika mchezo wa kuendesha lori, ili picha isigande kwenye kompyuta yao chakavu. Baba yake, Mzee Chengo, dereva wa malori aliyekatwa mguu wa kulia baada ya ajali, alishika usukani wa mchezo huo huku amenuna.

"Breki iko wapi?"

"Nimeihamishia mkononi, baba. Unabonyeza hapa."

"Breki inabonyezwa kama kengele ya mlango? Irudishe mguuni!"

"Mguu gani, baba?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mzee alipiga meza kwa ngumi, glasi ya chai ikaanguka sakafuni.

"Nimesema irudishe!"

Nyamvula aliirudisha kwenye pedeli ya kulia, kwa hasira. "Haya. Endesha basi."

Kwenye skrini, lori lenye shehena ya saruji lilianzia kileleni mwa mlima, likateremka lenyewe. Mwendo ukazidi. Kona ikaja. Chini ya meza mguu wa kushoto ulikaa juu ya klachi, ulikozoea kukaa maisha yote. Ule mguu mtupu wa suruali, uliokunjwa na kubanwa kwa pini, ulirukaruka ukitafuta breki.

Nyamvula alipiga magoti kwenye chai iliyomwagika, akaweka viganja vyote viwili juu ya pedeli ya breki.

"Sema, baba!" alifoka. "Sema nikanyage!"

Mzee aliuma meno, macho yake kwenye kona. Ile suruali iliruka tena, ikampiga binti yake begani kama mguu unaokanyaga breki.