Sentensi Niliyoikata

Mhariri aliipenda nukuu niliyoipata kwa mjane wa mchimba madini aliyefukiwa mgodini, akaifanya kichwa cha habari: "Nilimwambia asirudi bila mkate." Mji mzima wa Oruro ulilia.

Wiki iliyofuata mjane huyo, Mama Casilda, alikuja ofisini na gazeti lile. Chini ya maneno yake palikuwa na mstari wa penseli, umepindapinda.

"Binti yangu ameshajua kusoma, mwandishi. Ananiuliza kama ni mimi niliyemfukuza baba yake."

Nilifungua daftari. Sentensi iliyofuata ilikuwemo. Niliikata mwenyewe, ili nukuu iume zaidi.

"Si nilikwambia alicheka, akanibusu, ndipo akaenda mgodini?" akasema. "Kicheko chake umekipeleka wapi?"