Uso wa Lyuben

Kidevu kilikataa. Ognyan alifuta amri tatu za mwisho kwenye kompyuta, akaziandika upya: kalamu isogee chini ya sikio, ichore mstari mfupi, ipinde, ifunge umbo.

"Bado, mwanangu," alisema Zdravka, aliyeketi kando yake na kilemba cheusi kichwani. "Kimelegea zaidi ya hapo."

Ilikuwa karakana ya mawe ya makaburi, mjini Vratsa. Kwa kawaida kompyuta ilisoma picha yenyewe, mashine ikaichonga. Lakini Zdravka alileta picha moja tu ya mumewe Lyuben, ya siku ya harusi, naye aliutaka uso wa uzeeni. Basi Ognyan akauandika kwa amri, nukta baada ya nukta, akifuata maneno ya mama yule.

Alikuja kila alasiri na mkate wa jibini. Alisimulia jinsi moyo wa Lyuben ulivyosimama usingizini, baada ya chakula cha jioni, bila hata kuguna. Ognyan, aliyemzika mama yake majira ya baridi, aliziacha kazi nyingine zisubiri.

"Sikio la kushoto limeshuka kidogo," Zdravka alimwambia siku moja. "Nimeliangalia tena asubuhi."

Ognyan alielewa. Yeye mwenyewe bado alimwona mama yake jikoni kila kulipokucha.

Alipouliza tarehe ya kufariki, Zdravka alisema mwaka unatosha. Mwaka huu.

Hatimaye kidevu kilikubali. Zdravka aligusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kidole, akalia kimyakimya.

"Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa."

Mashine ilichonga mchana kutwa. Ognyan alilifunga jiwe kwa blanketi kwa mikono yake mwenyewe, kama anayemfunika mtu aliyelala, kisha akampigia Zdravka simu kwamba liko tayari.

Kesho yake gari dogo likasimama mlangoni. Akashuka mzee mmoja, akavua kofia. Ognyan aliona kidevu kilicholegea, sikio la kushoto lililoshuka kidogo. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja kwenye uso ule ambao hakuuandika yeye.

"Pole na kazi, kijana," mzee alisema kwa uchangamfu. "Mke wangu kanituma nichukue jiwe la marehemu baba yake. Hebu nisaidie kulipakia, tafadhali. Kasema nisichelewe chakula cha jioni, leo kanipikia mwenyewe."