Soli Iliyolika Upande Mmoja

Fundi viatu alikipindua kiatu changu, akaitazama soli, akauliza, "Dada, goti la kulia linakuuma tangu lini?"

Nilishtuka. Nilimpelekea viatu tu, goti sikulitaja.

"Nani kakwambia?"

"Soli hii. Imelika upande wa ndani. Unyayo wako unaegemea ndani, unaliburuta na goti."

Mimi ni msusi, kutwa nimesimama. Miaka miwili nimelichua goti hilo na kulilaani, kumbe maskini halina kosa!

Alinilowesha mguu, akanikanyagisha karatasi ya boksi. Alama ilitoka nzima kama tofali, bila ule mbonyeo wa katikati ya unyayo. Akapachika kipande cha ngozi ndani ya kiatu, kuuinua unyayo upande ule. "Usipopata nafuu nenda kwa daktari, usije hapa kuninunia."

Jana nilisuka wateja wanne bila kuegemea ukuta. Mungu amzidishie maisha yule fundi.

Jioni binti yangu alitoka kuoga, akakatiza sebuleni na miguu iliyolowa. Niliinama kutazama sakafu: nyayo sita, zote nzima kama tofali.

"Mama, napangusa sasa hivi!" akasema, akidhani nimekasirika.

"Acha, mwanangu. Kaniletee viatu vyako vya shule."