Hakuna Alodia wa Peke Yake

"Rudia jina lako," Nunila alisema. Mkono wake haukutoka kwenye kitasa cha mlango.

"Alodia," mgeni akajibu.

Ndani, kwenye kiti cha karibu na jiko, mama yake, Orosia, aliacha kubangua lozi.

Jina hilo halitamkwi ovyo kijijini Castelnuero. Akina Alodia wa Uhispania nzima wakikusanywa hawajazi uwanja wa mpira, na wengi wao hawajui hata limetoka wapi. Kijijini wanajua. Hapo kale dada wawili, Nunila na Alodia, walikatwa vichwa katika mji wa Huesca kwa kukataa kuikana imani yao, na tangu hapo pacha wa kike wa kijiji hiki hupewa majina hayo. Anayetangulizwa kwenye maji ya ubatizo anaitwa Nunila, anayefuata ni Alodia. Padri husema maana ya Alodia ni shamba lisilo na bwana. Wanawake husema padri hajawahi kulima.

Kwa hiyo hakuna Alodia wa peke yake, wala Nunila wa peke yake. Ila Nunila huyu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, alibatizwa bila mwenzake. Hospitali ya mjini ilimwambia Orosia kwamba pacha mmoja amekufa, ikamkabidhi jeneza dogo lililokwisha kupigiliwa misumari. Lilipofukuliwa miaka mingi baadaye, ndani mlikuwa na matambara tu; mtoto alikuwa ameibwa.

Tangu siku hiyo Orosia hajalala nje ya nyumba yake. Sasa moyo umechoka. Kitanda cha upasuaji kilikuwa kinamsubiri katika hospitali ya Zaragoza kesho yake asubuhi, na daktari alisema bila kuzunguka kwamba asipopasuliwa hataiona Krismasi.

"Siendi," alikuwa amejibu. "Alodia akija akakuta mlango umefungwa, atajua tumemsahau."

Nunila alikuwa ameshalia, ameshagomba, ameshamleta padri. Mama hakusogea hata kidogo. Na sasa, siku moja kabla, mwanamke huyu amesimama mlangoni na koti lake la mvua.

"Wameshakuja wawili kabla yako," Nunila alimwambia. "Mmoja hakujua hata mwaka aliozaliwa. Wewe nani alikupa jina hilo?"

"Sijui. Mama aliyenilea Valencia alisema nilikuja nalo. Mtawa alimsihi asilibadilishe."

"Na huko Valencia hukuwahi kujiuliza?"

"Kila siku. Shuleni walisema nina jina la dawa ya kikohozi."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko kifupi. Mgeni akatoa kitambulisho. Kadi ikamponyoka. Nunila akaiokota, akaisoma, akaigeuza nyuma na mbele kama askari wa mpakani.

"Mwache aingie," Orosia aliita. "Baridi yote inaingia humu."

"Mama, usiwe mwepesi wa kuamini watu."

"Nimekuwa mzito miaka hamsini. Imenisaidia nini?"

Wakakaa mezani. Nunila alipakua viazi na mboga ya borraja kutoka kwenye sufuria, vikawatosha wote watatu na vingine vikabaki. Hakuna aliyekula. Orosia alimtazama mgeni usoni, akahamia masikioni, akashuka mpaka kwenye vidole, na kila aliposhusha pumzi binti yake alishtuka na kumwangalia kifuani.

"Kitunguu unakula?" Orosia aliuliza.

"Hapana, Mama." Neno hilo la mwisho lilimtoka mgeni kwa shida.

"Nunila naye hali."

"Watu wengi hawali," Nunila alidakia kwa ukali. "Hilo si ushahidi, Mama. Muulize jambo la maana."

"Nyamaza basi nimuulize." Orosia akanyoosha mkono, akaigusa ncha ya sikio la mgeni. "Baba yenu alikuwa na masikio hivi hivi, ya kubandikwa. Alikufa akikutafuta. Ulikuwa unajua?"

Mgeni akatikisa kichwa na kuanza kulia. Alilia kwa aibu kama mtu aliyefumaniwa, uso ameuficha kwenye kitambaa cha mezani. Nunila hakumbembeleza. Alikuwa anaikodolea macho sahani yake.

Orosia alisubiri mpaka kilio kikatulia.

"Kesho nikienda Zaragoza," alisema, "utabaki hapa uniangalizie mlango?"

"Nitabaki."

"Mpaka nirudi?"

"Mpaka urudi, Mama."

"Basi. Nunila, kaniletee sanduku langu."

Nunila alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Hakukiinua. Alipanda ngazi mbio, yeye aliyekuwa akilalamikia magoti toka mwaka juzi.

Hapo Orosia akamshika mgeni kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono wa mgonjwa, lakini ulibana.

"Hilo jina ni lako kweli?" akanong'ona.

"Ni langu. Naapa."

"Nakuamini. Lakini siku ile ya hospitali wanangu walikuwa hawajafika kwenye maji ya ubatizo. Yupi Nunila, yupi Alodia, hata mimi nilikuwa sijui. Yule aliyeibwa aliondoka bila jina."

Mgeni alifumbua mdomo. Orosia akamtikisia kichwa. Juu, droo zilikuwa zikifunguliwa na kufungwa, na Nunila alikuwa anaimba.

"Usimwambie Nunila kwamba najua," mama alisema. "Uhispania ni kubwa, na akina Alodia ni wachache. Lazima amehangaika sana kukupata."