Baka la Shavuni

Mwanamke alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, ameng'ang'ania upindo wa koti jeupe la daktari.

"Leo hii, daktari. Nakuomba kama mama mwenzako."

"Inuka, dada yangu. Hapa tunatibu, hatuabudiwi."

Daktari wa ngozi akamwinua, akamketisha kwenye benchi. Mtoto wa kike wa miaka mitano hivi alikuwa kwenye ncha ya pili ya benchi hilo, miguu inaning'inia. Shavu lake la kushoto lilikuwa na baka la zambarau, pana kama kiganja chake mwenyewe.

"Alizaliwa nalo?"

"Nadhani... ndiyo, alizaliwa nalo. Wenzake wanamcheka mpaka shule imemshinda."

Daktari akaeleza bila haraka. Leza, mwanga wa kufutia baka, ni moto. Ngozi nyeusi huunywa mwanga wake zaidi, na ikiungua huacha kovu baya kuliko baka lenyewe. Kwanza hupigwa picha, kisha hujaribiwa sehemu moja ndogo, kisha husubiriwa wiki sita.

"Picha hapana," mwanamke akamkatiza. "Na wiki sita sina. Kesho asubuhi tunasafiri, haturudi. Nikipita naye mpakani hivi alivyo, nimekwisha."

"Umekwisha kwa sababu ya baka?"

"Hujui ninavyoishi. Dukani wanamtazama. Barabarani wanamtazama." Akaushika tena upindo wa koti. "Nimezika wawili, daktari. Huyu siwezi kumpoteza."

Hapo daktari akalegea. Naye alikuwa na binti. Akajiambia atapita juu juu tu, kwa nguvu ndogo. Alijua anakosea, na bado akawasha mashine.

Ila kwa macho hakuwa na mchezo. Mwale mmoja ukiruka vibaya unapofusha. Akashusha pazia zito dirishani, akamlaza mtoto kitandani na kumfunika macho kwa vikinga vyeusi, akavaa miwani yake ya kinga. Jozi ya pili, alipoiinua kwenye taa, ilikuwa na ufa.

"Itabidi usubiri nje."

"Siondoki."

"Bila miwani nzima hakai mtu humu. Hata mama yangu mzazi ningemtoa."

"Basi nitafumba macho. Nitageukia ukuta."

"Nje, dada. Au nizime mashine."

Mwanamke akatazama mashine, akatazama mlango. Akainama sikioni kwa mtoto, akanong'ona kitu kirefu, kisha akatoka kinyumenyume. Daktari akafunga kwa ndani.

"Usitikisike, mrembo. Utasikia kama mpira wa nywele unakuchapa. Ukiumia sana, niambie."

Mtoto alikuwa ametulia mno, hata ngumi hakukunja. Daktari akalenga ukingo wa baka, chini kidogo ya jicho. Mguu wake ukatafuta kanyagio la mashine.

"Daktari," mtoto akasema kwa sauti ya chini, "ameshatoka?"

"Ametoka, mpenzi. Yuko hapo nje, anakusubiri."

"Anatusikia?"

"Hatusikii. Mlango ni mzito."

Mtoto akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa daktari, akaung'ang'ania.

"Basi usilitoe," akasema. "Mama yangu akija kunitafuta, atanijuaje?"