Siku Imerefuka

Avataq alizima injini katikati ya ghuba, na boti ikaanza kuelea yenyewe kati ya mapande ya barafu. Jytte akashika ukingo kwa mikono miwili. Ufuo ulikuwa mbali, na bunduki ya kuwindia ilikuwa upande wa Avataq.

"Ni hapa?" aliuliza.

"Hapa."

Hapo ndipo Pavia, mwana pekee wa Avataq, alipozama mwezi wa Aprili, bahari ikiwa bado imeganda. Alikuwa akivuka kwa sleji ya kukokotwa na mbwa kwenda kubadilisha betri ya mtambo wa utafiti wa Jytte, ule uliofungwa mwambani kando ya mto wa barafu. Mbwa watatu walirudi kijijini wakiburuta kamba. Pavia hakuonekana tena.

Sasa ilikuwa Julai. Mtambo ulikuwa kimya tangu siku ile, na Jytte alikuwa amekuja Grinlandi mwenyewe kutoka Kopenhageni kuuamsha. Kijijini hakuna aliyekubali kumpeleka. Bolatta, mke wa Avataq, alimmiminia kahawa kila aliyeketi mezani, akampita yeye kama kiti kitupu.

"Mwanamke wa betri huyo," jirani mmoja alisema gatini, makusudi asikike. "Safari hii kaja kumchukua baba."

"Mwacheni mama wa watu," Avataq alisema. "Nitampeleka mimi."

Watu walimstaajabia. Tangu Aprili hakulia, hakutukana, hakumtaja Jytte kwa ubaya hata mara moja. Alikula alichopewa, akalala alipoambiwa alale. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama kidole kilicholiwa na baridi.

Boti ilijizungusha taratibu.

"Avataq," Jytte alisema, "Pavia aliwahi kukuambia mtambo ule unapima nini?"

"Mwamba unavyoinuka."

"Ndiyo. Barafu ikiyeyuka, mwamba unatuliwa mzigo, unapanda. Maji nayo yanaingia baharini, yanasambaa mpaka kule kwenye joto, kiunoni mwa dunia. Dunia ikinenepa kiuno, inazunguka polepole zaidi. Hata pepo kubwa za juu huichelewesha kidogo. Siku inarefuka."

"Kiasi gani?"

"Kidogo mno. Igawe sekunde mara elfu. Kipande kimoja hivi, kwa miaka mia. Hakuna binadamu anayeweza kuihisi."

"Mimi naihisi."

Jytte akainamisha kichwa. Kisha alisema, "Pavia alinicheka nilipomweleza. Akaniambia, 'Mama Jytte, kwa hiyo nikichelewa kazini nisingizie barafu?'"

Avataq alitaka kutabasamu. Uso ukakataa.

"Nimemuua mimi," Jytte alisema.

"Barafu imemuua."

"Hapana, nisikilize. Asubuhi ile niliona picha za setilaiti. Barafu ya ghuba ilikuwa imeliwa kwa chini. Nikatuma ujumbe kwenye namba ya nyumbani kwenu: asitoke. Sikupata jibu. Nikajiambia, ameshauona huyo, nikaingia mkutanoni. Baadaye ndipo nikaambiwa mtandao wa huku hukatika. Ningepiga simu, Avataq! Ningepiga tu simu!"

Alilia kwa sauti, bila kujifunika uso. Avataq alimtazama kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani, dirisha limefungwa.

"Usilie, mama," alisema mwishowe. "Nimekusamehe."

Jytte aliushika mkono wake, akauweka kwenye paji lake la uso, akashukuru, akashukuru tena.

Ujumbe ulikuwa umefika. Pavia alikuwa nje akifunga mbwa kwenye sleji, na baba yake, aliyeivuka barafu ile kila Aprili kwa miaka arobaini, aliusoma, akacheka, akaufuta.